Makerere ilizaliwa lini hasa?

Mabishano ya kijiwe cha kahawa hayana hakimu, lakini haya niliyakuta yamefika pabaya. Mzee mmoja mstaafu, aliyefundisha sekondari miaka mingi, alikuwa ameshikilia kwamba Makerere, chuo kikuu cha Uganda, imeshatimiza miaka mia. Kijana aliyekaa mkabala naye akanyanyua simu yake: "Shikamoo yako mzee wangu, lakini hapa pameandikwa 1970." Wa tatu akadakia kwamba wote wawili wamepotea njia, Makerere ni ya mwaka 1949, na ndiko Mwalimu Nyerere alikochukua digrii yake. Birika likaisha, watu wakaendelea kubishana na vikombe vitupu.

Ajabu ni kwamba mzee alikuwa sahihi. Kijana naye alikuwa sahihi. Wa tatu alipatia mwaka, akakosea habari ya Mwalimu. Ubishi kama huu si wa Makerere peke yake, huzuka kila chuo kikongwe kinapotangaza sherehe za miaka kadhaa. Makerere ilipofanya karne yake mwaka 2022 walikuwapo waliouliza: chuo kikuu kilichoanzishwa 1970 kinapataje miaka mia? Tatizo halipo kwenye hesabu, lipo kwenye neno "chuo".

Neno lenyewe lina safari ndefu. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo kilikuwa kitabu. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kitabu likaenda mahali kinaposomwa, mtoto akawa anapelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Hadi leo mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu ya dini, hata kama hajawahi kukanyaga kile tunachokiita chuo siku hizi. Wakoloni walipoleta mafunzo ya ualimu, uuguzi na ufundi, neno likachukuliwa tena likavishwa nguo mpya. Kisha tukaliongezea "kikuu". Ndiyo maana leo chuo cha ushonaji chenye cherehani sita na taasisi inayotoa shahada za uzamivu vyote ni "chuo" mdomoni mwetu.

Basi tukubaliane maana kwanza. Chuo, kwa matumizi ya kawaida, ni mahali pa mafunzo baada ya shule, unatoka na cheti au stashahada. Chuo kikuu ni kile chenye mamlaka ya kisheria ya kutunuku shahada kwa jina lake chenyewe. Hapo ndipo penye tofauti. Haihusu ukubwa wa majengo, idadi ya wanafunzi wala urefu wa uzio. Katikati ya hivyo viwili kuna chuo kikuu kishiriki: kina walimu wake, mkuu wake na bweni zake, lakini cheti cha mhitimu kinabeba jina la chuo kikuu mama. Mkwawa ya Iringa na DUCE ya Chang'ombe ziko hivyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuna pia ndaki, neno linalowachanganya wengi kwa sababu Kiingereza huiita kwa jina lile lile linaloitwa chuo. Ndaki ni kiungo ndani ya chuo kikuu, mkusanyiko wa idara na skuli zinazokaribiana. Haina maisha nje ya mwili, kama mkono usivyokwenda sokoni peke yake. Makerere yenyewe ilipanga upya vitivo vyake kuwa ndaki kuanzia kwenye mwaka 2010, na kuna waliodhani chuo kimegawanywa vipande.

Mfano ulio karibu ni fundi cherehani. Mwanagenzi anaanza kwa kufagia na kutia vifungo. Baada ya muda anashona suti nzima mwenyewe, na inamkaa mteja vizuri, ila nguo inatoka na nembo ya bwana fundi. Siku moja anafungua duka lake, anashona nembo yake. Sasa muulize ana miaka mingapi kazini. Akihesabu tangu siku aliyoshika sindano, hadanganyi. Mwingine akihesabu tangu siku ya leseni, naye hadanganyi. Makerere ni fundi huyo, ila mabwana aliowapitia ni wawili.

Iliposhikwa sindano

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ya Uganda ilifungua shule ya ufundi juu ya kilima cha Makerere, Kampala. Wanafunzi walikuwa 14, wavulana watupu, wanakuja asubuhi na kurudi makwao jioni. Walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Hakuna falsafa wala uchumi. Mkoloni hakuhitaji wanafikra, alitaka watu wa kupiga randa na kufungua injini.

Muda mfupi baadaye yakaongezwa mafunzo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu, na jina likawa Chuo cha Makerere. Masomo ya utabibu yalianza 1924 ng'ambo ya bonde, kwenye kilima cha Mulago chenye hospitali. Hapo hapo Mulago, mwaka 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto, saratani ambayo leo dunia nzima inaitambua kwa jina lake.

Lipo jambo moja ambalo husahaulika kwenye hotuba za maadhimisho. Useremala ule ulioanzisha kila kitu haukukaa kilimani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mafunzo ya ufundi yalitengwa yakawa shule yake, ambayo baadaye ilihamia kilima cha Kyambogo, upande wa pili wa mji. Kyambogo ikapita majina kadhaa, na mwaka 2003 nayo ikawa chuo kikuu, baada ya kuunganishwa na taasisi nyingine za hapo hapo. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkali, mrithi wa vile vifaa vya 1922 yuko Kyambogo, na Makerere imebaki na kilima na jina. Sisemi Makerere haistahili karne yake. Nasema umri wa chuo daima una chembe ya uamuzi ndani yake, haushuki wote kutoka kwenye nyaraka.

Mwaka 1937 tume ya Uingereza iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza Makerere ikuzwe kuwa chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote. Hapo ndipo vijana wa Tanganyika, Kenya na Zanzibar walipoanza kuutazama mlima huu kama kilele cha masomo. Jengo Kuu likasimama mwaka 1941, jeupe, lenye mnara wa saa. Kaulimbiu ya chuo wakati huo ilikuwa "Tuwe wanaume". Mwaka 1945 wanawake wa kwanza walipopokelewa ikaonekana haina mashiko tena, ikabadilishwa kuwa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Bweni la wanawake likaitwa Mary Stuart, jina la mke wa askofu wa Uganda wa enzi hizo.

Digrii ya Mwalimu

Sasa turudi kwa yule wa tatu kijiweni. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Alitoka na stashahada ya ualimu, akaenda kufundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akasafiri kwenda Edinburgh, Uskoti, na huko ndiko alikopata shahada yake mwaka 1952.

Watu wengine hukasirika ukiwaambia hivi, kana kwamba umempunguzia Mwalimu kitu. Lakini angalia tarehe. Mwaka 1945 Makerere haikuwa na shahada ya kumpa mtu yeyote, awe na akili za namna gani. Stashahada ndiyo iliyokuwa sehemu ya juu kabisa ya ngazi. Mwalimu alipanda hadi ngazi ilipoishia, kisha akatafuta ngazi nyingine.

Utamu wa hadithi uko mbele. Miaka 18 baadaye, mhitimu huyo wa stashahada akawa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu kilichoimeza Makerere nzima ndani yake. Tutafika.

Nembo ya London

Kuanzia 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Ibadan ya Nigeria na Legon ya Ghana ya leo zilikuwa zimeingia mpango huo huo mwaka mmoja kabla, kwa hiyo haukuwa upendeleo kwa Uganda. Ulikuwa utaratibu wa dola la Kiingereza kwa makoloni yake baada ya vita kuu ya pili. Mwanafunzi alisoma Kampala, akala Kampala, akasikia mvua ya Kampala ikipiga bati. Mitaala na mitihani ilikubaliwa na London, na watahini wa London walikuwa na kauli. Cheti kikaandikwa Chuo Kikuu cha London.

Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, Benjamin Mkapa akamaliza Kiingereza mwaka 1962. Wote wawili walikuwa watoto wa Makerere kwa kila hali, na wote wawili walihitimu katika zama za nembo ya London. Mtu akikwambia kwamba fulani "alisoma London" kwa sababu ameona jina hilo kwenye cheti cha 1958, muulize kwanza kama alipanda meli.

Je, hiyo ilimaanisha Makerere ilikuwa tawi tu? Hili ni jambo ambalo watu hukosea kwa pande zote mbili. Haikuwa tawi, kwa maana ilikuwa na baraza lake, walimu wake na tabia yake. Shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, kwa mfano, haikuwa nakala ya kitu cha London. Kutoka hapo walipatikana Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro wa Tanganyika, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wetu Uingereza. Wala haikuwa huru, kwa maana haikuweza kumtunuku mtu shahada hata moja bila London. Suti ilishonwa Kampala, nembo ikatoka Uingereza.

Na kwa sisi wa Kiswahili, kipindi hiki kina mambo mawili yanayogongana. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu, ilihamishia makao yake Makerere mwaka 1952. Ilikaa hapo karibu miaka kumi kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ambako ikawa mbegu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili sanifu kiliwahi kuwa na ofisi yake juu ya kilima cha Waganda, watu ambao kwa muda mrefu hawakukipenda. Jambo la pili: Juni 1962 chuo kiliandaa mkutano wa waandishi wa Afrika, wakaja Chinua Achebe, Wole Soyinka, na Langston Hughes kutoka Marekani. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwanafunzi wa hapo, akaingia pia. Lakini mlango ulikuwa kwa wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe baadaye aliuliza: mwanafunzi mwenye hadithi chache alialikwa, Shaaban Robert hakualikwa? Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni. Sijui kama kuna picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi chuo cha enzi hizo kilikuwa kinatazama wapi.

Mafiga matatu

Mwaka 1963 uhusiano na London ulikoma. Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa zimepata au ziko mlangoni mwa uhuru, zikaunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Fikiria mafiga matatu na chungu kimoja. Mafiga ni Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, chungu ni mamlaka ya kutunuku shahada. Hakuna figa lililoweza kupika peke yake. Mkuu wa chuo hicho, yule anayevaa joho zito siku ya mahafali, alikuwa Julius Nyerere. Kijana wa stashahada amerudi.

Kazi zikagawanywa ili kuokoa fedha. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mtoto wa Kampala aliyetaka kuwa mwanasheria alifunga sanduku akaelekea pwani, na mtoto wa Dodoma aliyetaka udaktari akapanda kuelekea ziwani. Wengine walichagua kuvuka mpaka hata pasipo ulazima. Yoweri Museveni, ambaye kwao kulikuwa na Makerere, alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967, katika zama za Azimio la Arusha, wakati Mlimani, kampasi ya chuo cha Dar es Salaam, palikuwa pakichemka kwa mijadala ya ujamaa.

Kwa nini chungu kilivunjika? Wengi hudhani ni ugomvi wa Nyerere na Amin. Haiwezekani, kwa sababu Amin alipindua serikali Januari 1971, na chuo kilikuwa kimeshagawanyika. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa, na kwa hiyo hazisimuliwi sana. Kila nchi ilitaka wahandisi, madaktari na wanasheria wengi, haraka, na haikutaka kusubiri jirani ampe nafasi. Kila nchi ilitaka kupanga masomo kufuata sera yake, na sera zilikuwa zinaachana mwaka hata mwaka. Tarehe 1 Julai 1970 vyuo vikuu vitatu huru vikazaliwa siku moja: Makerere, Nairobi, Dar es Salaam.

Hiyo ndiyo 1970 ya kijana wa simu. Ni siku fundi aliposhona nembo yake mwenyewe.

Kilima na wenyewe

Nimesema kilima mara nyingi bila kukieleza, na kosa hilo ni kubwa, kwa sababu bila kilima huwezi kuielewa Makerere.

Kampala ni mji wa vilima na mabonde ya mafunjo, na kila kilima kina mwenyewe. Mengo ni wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Namirembe ni wa Waanglikana, Rubaga wa Wakatoliki, Kibuli wa Waislamu. Kwenye Kampala ya Zamani, Lugard, afisa wa Kiingereza, alijenga ngome yake mwaka 1890. Leo juu yake kuna msikiti mkuu wa taifa. Kasubi kuna makaburi ya makabaka wanne. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikaa Entebbe, kando ya ziwa, mbali kidogo na purukushani hizi. Kukipa chuo kilima chake kulikuwa ni kukiweka kwenye safu moja na ikulu, kanisa na msikiti. Wanafunzi wa Makerere huitwa watu wa kilimani, nao hawakatai.

Lakini kilima hakikuwa pori lisilo na mtu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulikuwa umegawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, na ndiyo sababu hadi leo umiliki huo Uganda unaitwa mailo. Makerere ilipotaka kupanuka kwenye miaka ya 1940, ilibidi ichukue ardhi iliyokuwa ya watu. Waganda walikuwa wanatazama Kenya, ambako nyanda bora zilikuwa mikononi mwa masetla. Wakajiuliza: leo wanasema ni kwa ajili ya chuo, kesho watasema ni kwa ajili ya nani? Katikkiro Samuel Wamala, waziri mkuu wa Buganda, alipinga. Baada ya ghasia za mwanzoni mwa 1945 aliondolewa, na nafasi yake akarudishwa Martin Luther Nsibirwa, aliyewahi kushika cheo hicho. Nsibirwa aliipitisha sheria ya ardhi katika Lukiiko, baraza la Buganda, mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 5 Septemba 1945, asubuhi, alipofika kanisa kuu la Namirembe kwa sala, alipigwa risasi akafa.

Leo bweni moja la wanaume Makerere, ambalo zamani lilikuwa na jina la Mwingereza Northcote, linaitwa Nsibirwa. Wanafunzi wake wana sifa ya kelele, ngoma na maandamano. Sidhani kama wengi wao wanajua kwamba jina lililo mlangoni ni la mtu aliyeilipia kwa roho yake ardhi wanayorukaruka juu yake. Na sitaki kumgeuza Nsibirwa malaika wala Wamala shetani: aliyeogopa kupoteza ardhi alikuwa na sababu, na aliyetaka chuo alikuwa na sababu.

Ukitaka kukiona kilima, anzia Wandegeya, chini kabisa, kwenye makutano ya barabara. Hapo kuna vibanda vya rolex, ile chapati ya moto inayotandikwa mayai yaliyokaangwa na nyanya na kabichi, ikakunjwa kama mkeka. Muuzaji anavunja yai kwa mkono mmoja huku mwingine unageuza chapati, na hakuangalii usoni hata mara moja. Kula ukipanda. Juu ya miti kuna kaloli, korongo wakubwa wenye upara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, wamesimama kama wazee waliochoka na kikao. Usisimame chini yao. Barabara inapinda, kelele za bodaboda zinapungua, halafu ghafla unatokea kwenye uwanja wa majani wanaouita Uwanja wa Uhuru, na mbele yako Jengo Kuu jeupe na mnara wake.

Jengo hilo liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020. Asubuhi picha za paa lililoanguka na madirisha meusi zilisambaa Afrika Mashariki nzima, na watu wengi waliandika kwamba "Makerere imeteketea". Haikuteketea. Liliungua jengo moja, tena la utawala. Madarasa, maktaba, Mulago, ndaki zote zilibaki. Ila nawaelewa waliolia. Lilijengwa upya kwa sura ile ile, likafunguliwa tena Oktoba 2024.

Kongwe kuliko nani?

Bado kuna dai moja la kijiweni sijaligusa, kwamba Makerere ni chuo kikuu cha kwanza Afrika. Hili halina hata upande wa kulitetea. Al-Qarawiyyin ya Fez, Morocco, inahesabu asili yake mwaka 859, na al-Azhar ya Cairo iko katika karne ya 10. Ukisema hayo ni madrasa, haya, njoo kwenye mtindo wa Kizungu: Fourah Bay ya Freetown ilianza 1827 na kuwa mshirika wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, mwaka 1876, na Fort Hare ya Afrika Kusini ilianza 1916. Kwa Uganda, Kenya na Tanzania, hapo ndipo Makerere inapokuwa kaka mkubwa bila ubishi. Ukubwa wake ulitosha, sioni kwa nini tuuongezee chumvi.

Nililobakiza ni hili, na ndilo nililomwambia yule kijana kabla hajaweka simu mfukoni. Vile vyuo vitatu vilivyopata uhuru siku moja, 1 Julai 1970, havisherehekei umri mmoja. Nairobi ilifanya miaka 50 yake ikihesabu kutoka 1970, ingawa chuo chake cha ufundi kilipokea wanafunzi 1956. Dar es Salaam ilisherehekea miaka 60 mwaka 2021, ikihesabu kutoka Oktoba 1961, wakati darasa la sheria lilipofunguliwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Makerere ikahesabu kutoka kwenye wale wavulana 14 wa 1922. Mmoja kahesabu leseni, mmoja kahesabu siku alipoajiriwa na bwana fundi, mmoja kahesabu sindano.

Kijana akafikiri. "Kwa hiyo Nairobi wakihesabu kama Makerere..."

"Wanapata miaka 14 zaidi," mzee akamjibu, akamwita muuza kahawa ajaze tena.